Habari Zimo Katika Jibu Lililokosewa

Tazama mlinganyo huu: 3 - 2(x - 4) = 5. Jibu lake ni 3. Ninapoliandaa swali kama hili kwa ajili ya mazoezi ya kompyuta, hilo jibu la 3 halinisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni yale mengine matatu yatakayokaa kando yake. Nikiandika 7, 12 na 20 ili nafasi zijae, mwanafunzi atakayekosa ataniambia kwamba amekosa, basi. Nikiandika -5, 9 na -3, mambo yanabadilika. Aliyechagua -5 alizidisha -2 kwa -4 akapata -8, yaani ishara imempotea ndani ya mabano. Aliyechagua 9 alianza kwa kutoa 2 kwenye 3, akabaki na 1, akaingia nalo kwenye mabano bila wasiwasi. Aliyechagua -3 aliizidisha x kwa 2 akaiacha 4 jinsi alivyoikuta. Wote watatu wamekosa, lakini huwezi kuwakalisha pamoja ukawapa maelezo ya aina moja.

Natunga maswali ya mazoezi ya sekondari: sayansi, hisabati na historia, yale ambayo mwanafunzi anayajibu kwenye simu au kompyuta na kuambiwa papo hapo amepata au hakupata. Watu wakisikia kazi hii hudhani ugumu uko kwenye kujua majibu. Majibu yamo vitabuni. Ugumu ni kujua wanafunzi watakosea vipi, na hilo vitabu vingi vya kiada havilisemi.

Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton walichapisha utafiti kuhusu makosa ya watoto katika hesabu za kutoa. Walionyesha kwamba mengi ya makosa yale hayakuwa uzembe wala bahati mbaya. Mtoto alikuwa anafuata kanuni, tena kwa uaminifu kabisa, ila kanuni yenyewe ilikuwa mbovu. Kwa mfano, kila safu anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Kwa hiyo 52 kutoa 38 inakuwa 26, na kesho yake 71 kutoa 45 itakuwa 34, na ukiijua kanuni yake unaweza kutabiri jibu lake kabla hajashika kalamu. Sekondari hali haibadiliki, kanuni mbovu tu ndizo zinazopanda cheo. Mwanafunzi anayeandika kwamba (x + 3) kwa kipeo cha pili ni x kipeo cha pili jumlisha 9 hajasahau kitu. Anaamini kipeo kinagawanywa sawasawa kwa kila kilichomo kwenye mabano. Mwambie aweke 1 mahali pa x. Upande mmoja utampa 16, wa pili 10, na hapo hakuna haja ya mwalimu kupaza sauti.

Ndiyo maana sentensi ninayoichukia kuliko zote katika mazoezi ya kompyuta ni ile ya maneno manne: "Si sahihi, jaribu tena." Mwanafunzi ana machaguo manne. Amebofya moja, limewaka jekundu. Anabofya la pili, jekundu. La tatu, kijani, na programu inampongeza. Amejifunza nini? Kwamba kidole kina uvumilivu.

Tabia hiyo ina umri mkubwa kuliko kompyuta. Miaka ya 1920 Sidney Pressey, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Ohio State, alitengeneza kimashine chenye vibonyezo vinne. Kilionyesha swali kwenye kidirisha, na ukikipanga kwa namna fulani hakikusogea kwenda swali linalofuata mpaka ubonyeze kibonyezo sahihi. Maelezo yake aliyachapisha mwaka 1926. Aliongeza hata kifaa cha kutoa peremende kwa anayefikisha idadi fulani ya majibu sahihi, kwa hiyo wanaodhani nyota na medali za kwenye simu ni uvumbuzi wa juzi wamechelewa karibu miaka 100. Mimi nyota na medali sizipendi. Zinamfundisha mwanafunzi kukimbilia maswali rahisi ili asipoteze mfululizo wake wa majibu sahihi, ilhali maswali rahisi ndiyo asiyoyahitaji.

B. F. Skinner, aliyekuja na mashine zake za kufundishia miaka ya 1950, alimpinga Pressey kwenye jambo moja la msingi. Alitaka mwanafunzi aandike jibu mwenyewe badala ya kulichagua. Hoja yake ilikuwa kwamba ili swali la kuchagua liwe zuri, lazima uweke majibu ya uongo yanayofanana na ukweli, na hayo hayana kazi kichwani mwa mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza. Hoja hiyo si ya kupuuza. Mwaka 2005 Henry Roediger na Elizabeth Marsh walionyesha kwamba watu waliofanya jaribio la kuchagua hunufaika kwa jumla, lakini baadhi ya majibu ya uongo waliyoyachagua huwakaa, wakayarudia baadaye kana kwamba ni maarifa. Sasa fikiria jibu la uongo lililotungwa kwa ustadi, kama ninavyojitahidi kuyatunga. Linanasa vizuri zaidi.

Dawa yake inajulikana. Mwaka 2008 Andrew Butler akiwa na Roediger huyo huyo walipima kinachotokea mwanafunzi akionyeshwa jibu sahihi baada ya kujibu. Sumu ile ilipungua sana, na faida ikaongezeka. Kwa hiyo swali la kuchagua lisilo na maelezo baada yake si zoezi lililokatika nusu tu; linaweza kupanda kosa mahali ambapo halikuwepo. Tovuti inayokupa maswali 50 na mwishoni inakuandikia "umepata 31", halafu kimya, heri uifunge ukasome kitu kingine.

Fizikia ndiyo inayonipa raha katika kazi hii, kwa sababu kosa la fizikia halitokani na darasa. Mwanafunzi amelibeba tangu alipoanza kurusha vitu. Umerusha mpira wima kwenda juu; umefika kileleni, uko pale kwa nukta isiyo na urefu. Je, ni kani gani inayouvuta mpira wakati huo, ukiacha hewa? Wengi watajibu hakuna, kwani mpira umesimama. Wengine watasema kuna kani ya mkono inayoelekea juu, ambayo sasa imelingana na uvutano. Jibu ni uvutano peke yake, ukielekea chini, nguvu ile ile kama mwanzo wa safari na mwisho wake, na mchapuko haujapungua hata chembe: mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde.

Aliyejibu "hakuna" zamani nilimwandikia aya nzima ya maelezo. Siku hizi namjibu kwa swali lingine: kama kileleni mpira haujasogea na hakuna kani yoyote inayougusa, ni kitu gani kitakachouanzisha kushuka? Anabaki anautazama mpira wake ukining'inia hewani milele. Kurasa za kitabu haziwezi kufanya hivyo. Kitabu hakijui umejibu nini. Programu inajua, na kama inajua halafu ikatoa maelezo yale yale kwa kila mtu, basi ni kitabu kinachotumia umeme.

Walioligundua jambo hili kwa ukubwa wake ni David Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer. Mwaka 1992 walichapisha seti ya maswali ya kuchagua kuhusu kani na mwendo ambayo hayana hesabu hata moja. Majibu ya uongo hawakuyabuni mezani. Yalitokana na maneno ya wanafunzi wenyewe walipoulizwa waeleze wanavyofikiri. Eric Mazur, aliyekuwa akifundisha fizikia Harvard, aliwapa wanafunzi wake maswali hayo akitarajia yatakuwa mteremko. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ayajibu vipi: kwa namna alivyofundishwa, au kwa namna anavyofikiri mwenyewe? Nakumbuka habari hiyo kila ninapoandika swali la sayansi. Swali zuri linamfikia yule wa pili, anayefikiri mwenyewe. Maswali mengi tunayoyaona yanaishia kuzungumza na wa kwanza, na yule anajua kukariri.

Biolojia nayo ina hazina yake. Uliza mti mkubwa umepata wapi uzito wake, na jibu litakalokimbilia midomoni ni udongo. Katika karne ya 17 Jan Baptist van Helmont alipanda mche wa mwerebi wenye uzito wa ratili 5 kwenye ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ulifika ratili 169 na zaidi kidogo. Udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua wakia 2 hivi, yaani chini ya gramu 60. Van Helmont akahitimisha kwamba mti umetokana na maji. Hapo alikuwa sahihi nusu, maana hakujua habari ya kaboni dayoksaidi inayoingia kupitia majani na kugeuzwa sukari kwa usanisinuru. Napenda kumpa mwanafunzi takwimu hizo kwanza, nimuulize van Helmont alikosea wapi, kabla ya kumuuliza maana ya usanisinuru. Maana ya usanisinuru ataitamka bila kupumua na bado akaamini kwamba mti unakula udongo.

Majira ya mwaka ni hivyo hivyo. Anayejibu kwamba joto linakuja dunia inapolikaribia jua anafuata akili ya kawaida kabisa. Basi muulize: dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kilometa milioni 147 hivi, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilometa milioni 152. Mbona nusu ya kaskazini iko kwenye baridi Januari? Mhimili wa dunia ulioinama nyuzi 23.5 hivi, ambao ndio unaoleta majira, ataukubali baada ya hapo, kwa sababu sasa anauhitaji.

Upande wa mitambo nitaupitia haraka, maana unachosha kuliko unavyofundisha. Kompyuta inayosahihisha hisabati lazima ijue kwamba 1/2, 0.5 na 2/4 ni kitu kimoja, isipokuwa pale swali linapotaka sehemu katika umbo lake dogo kabisa. Lazima ijue x + 1 ni sawa na 1 + x. Njia moja ya kulitatua hili ni kuweka namba za kubahatisha mahali pa x katika majibu yote mawili na kuona kama matokeo yanalingana kila mara. Katika fizikia, kitu kilichoachiwa kidondoke kwa sekunde 3 kimeshuka mita 44.1 ukitumia 9.8, na mita 45 ukitumia 10. Programu isiyosema inataka ipi itamkosesha mtu aliyepata. Na ukiiachia kompyuta ichague namba yenyewe, siku moja itachora pembetatu yenye pande 3, 4 na 9. Namba za kubahatisha zinahitaji kuwekewa uzio.

Lakini kwa nini mtu ajisumbue na maswali wakati anaweza kusoma sura hiyo mara nyingine? Kwa sababu kusoma mara nyingine kunadanganya. Mwaka 2006 Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu likajaribu kuandika linachokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Mtihani hauji baada ya dakika 5.

Matokeo mengine ya aina hiyo yalinibadilishia mpangilio wa kazi. Doug Rohrer na Kelli Taylor, mwaka 2007, waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne. Wengine walifanya maswali ya umbo moja mpaka yaishe, ndipo wakaenda umbo jingine, wenzao walichanganyiwa. Wakati wa mazoezi, wasiochanganyiwa walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye kibao kiligeuka: 20 kwa 63. Aliyefanya maswali kumi ya umbo moja mfululizo hajawahi kuulizwa kanuni ipi inafaa. Kichwa cha habari juu ya ukurasa kilishamjibia. Tangu hapo seti zangu nazichanganya, na malalamiko hayakomi: wanafunzi wanasema maswali yamekuwa magumu, wazazi wanasema alama zimeshuka. Ni kweli zimeshuka. Kuwashawishi kwamba alama za zoezi si alama za mtihani ni kazi nyingine isiyo na malipo.

Historia ndiyo inayonishinda mara kwa mara. Maswali mengi ya historia ya kwenye skrini ni ya tarehe. Mkutano wa Berlin ulianza mwaka gani? 1884. Haya, na aliyejibu 1885 tumfanyie nini? Mkutano uliisha Februari 1885, kwa hiyo huenda anajua kuliko aliyepata. Tarehe si adui. Bila tarehe huwezi kujua kipi kilitangulia kipi. Ila jibu la tarehe lililokosewa mara nyingi halina habari ndani yake kama lile la mlinganyo.

Kwa hiyo natafuta kanuni mbovu za historia, kwani zipo. Mojawapo ni kuamini kwamba tukio moja maarufu lilifanya kila kitu. Swali langu la Berlin sasa linauliza lipi kati ya haya halikuamuliwa kwenye mkutano ule: uhuru wa biashara katika bonde la Kongo, uhuru wa vyombo kupita mito ya Kongo na Niger, sharti la kukalia kweli pwani mpya inayodaiwa, au mpaka wa maeneo ya Wajerumani na Waingereza Afrika Mashariki. Wengi wanashangaa kwamba jibu ni la mwisho. Mpaka ule ulitokana na makubaliano ya nchi mbili hizo, mwaka 1886 na tena tarehe 1 Julai 1890. Mwanafunzi aliyeziona picha za wakubwa wa nchi 14 wakiwa wamezunguka meza, bila Mwafrika hata mmoja, amejijazia mwenyewe kwamba hapo ndipo mistari yote ilipochorwa. Picha hiyo iko sawa kuhusu dharau, haiko sawa kuhusu utaratibu.

Maswali ya kupanga matukio nayo yanafaa, mradi usahihishaji uwe na akili. Chukua kiangazi cha Ulaya cha 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza: mauaji ya Sarajevo tarehe 28 Juni, Austria-Hungaria yaitangazia Serbia vita 28 Julai, Ujerumani yaitangazia Urusi 1 Agosti na Ufaransa 3 Agosti, Uingereza yaingia 4 Agosti. Aliyebadilisha mawili yanayofuatana na aliyepindua orodha nzima hawastahili sifuri moja. Matukio matano yana jozi kumi; hesabu jozi zilizokaa kwa mpangilio sahihi. Wa kwanza anapata 9 kati ya 10, wa pili hapati kitu.

Ila kwa nini Uingereza iliingia? Hapo kubofya kunafika mwisho. Naweza kuweka "Ujerumani iliivamia Ubelgiji" kama jibu sahihi, lakini wanahistoria bado wanapima uzito wa sababu hiyo dhidi ya hofu ya kuiachia Ujerumani bara zima, na rangi ya kijani kwenye skrini inafunga mjadala usiofungika. Hapo huwa naondoa machaguo kabisa. Mwanafunzi anaandika sentensi tatu, ndipo anafunguliwa majibu mawili ya mfano yanayovutana, na anaulizwa lake liko karibu na lipi na limeacha nini. Hakuna alama. Wengine wanaandika "sijui" ili wafunguliwe haraka, na sijapata njia ya kuwazuia isiyowaudhi walioandika kwa dhati.

Kubahatisha nako kunastahili neno. Zoezi la maswali kumi yenye machaguo manne, mtu akibofya bila kusoma, uwezekano wa kupata nusu au zaidi ni karibu 8 katika 100. Si mdogo. Badala ya kupambana na wanaobahatisha, naongeza kitufe kimoja kabla ya jibu kufunguka: una hakika, au unakisia? Anayekisia na kupata anarudishiwa swali siku nyingine. Anayesema ana hakika na kukosa ndiye ninayemsubiri kwa hamu. Brady Butterfield na Janet Metcalfe waliandika mwaka 2001 kwamba makosa yaliyofanywa kwa kujiamini sana hurekebishika vizuri zaidi mtu akionyeshwa jibu. Mshangao unafungua masikio.

Na kila baada ya muda napitia takwimu za machaguo. Nikikuta jibu la uongo ambalo hakuna anayelichagua, nalifuta, na mara nyingi silitafutii mbadala. Wengine hudhani swali lenye machaguo matatu ni swali la wavivu. Michael Rodriguez alikusanya tafiti za miaka 80 na kuhitimisha mwaka 2005 kwamba matatu yanatosha: la nne kwa kawaida ni pambo. Kwenye ule mlinganyo wa mwanzo, 9 ndilo lililokuwa linachaguliwa na wachache kuliko yote. Bado sijaliondoa, maana hao wachache hawajui mpangilio wa matendo ya hesabu, na sina swali jingine linalowatambua haraka hivyo.